Petroli au Mafuta ya Taa

Hosteli ya Wanafunzi
12 Februari

Mzee Randa,

Shikamoo. Mimi ni yule mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja na kinasa sauti kisichofanya kazi mpaka ukigonge mezani. Ahsante kwa kukubali kuzungumza nami, na ahsante zaidi kwa kukigonga.

Uliniuliza nasomea nini nikababaika. Mama yangu anawaambia majirani nasomea upolisi, na nimechoka kumsahihisha. Nasomea shahada ya pili katika elimu ya uhalifu. Tasnifu yangu inahusu majuto. Mfungwa anapofika mbele ya Bodi inayoamua nani aachiwe kabla ya muda wake, anasema nini? Na wale walioketi upande wa pili wa meza wanajuaje kama anajuta kweli au amekariri?

Nimeshinda na sauti yako masikioni, naisimamisha, nairudisha nyuma, naandika neno kwa neno. Wenzangu wa chumba cha watafiti wameshajua unavyokohoa. Maelezo yako yamenyooka: uligombana na tajiri wa karakana ya samani uliyofanyia kazi, ukarudi jioni na petroli, ukachoma moto, na mlinzi aliyekuwa ndani akafariki. Mpaka hapo nimeelewa.

Lakini afisa alipotoka kutafuta kiti kingine, na mimi nimeshazima kinasa, uliniambia jambo ambalo linapingana na hayo yote. Ilikuwa sentensi moja tu. Nimejiuliza mara nyingi kama nilisikia vibaya. Naomba uniandikie tena, kwa maneno yako mwenyewe, nini hasa kilitokea siku ile. Usiwe na wasiwasi. Kanuni za utafiti zinanilazimisha kulinda siri yako.

Wako mtiifu,
Mtafiti

*

Gerezani
25 Februari

Bi Mtafiti,

Marahaba binti yangu. Barua yako nimeipata ikiwa imeshafunguliwa, kama zinavyofunguliwa zote humu, kwa hiyo mimi nimekuwa msomaji wa pili. Afisa wa barua anakusifu kwa mwandiko. Yule bwana ana macho, hapitwi hata na nukta. Kuna kijana hapa alinyimwa barua ya mchumba wake kwa ajili ya neno moja ambalo hadi leo hajaambiwa ni lipi.

Unasema kuna sentensi nilikuambia. Ninayoikumbuka mimi ni kwamba kile kiti kinayumba, usikiegemee. Hiyo ndiyo sentensi. Fundi seremala hawezi kumwona mtu amekalia mguu mbovu akanyamaza.

Unataka nieleze tena, naeleza. Nilitengeneza kitanda cha mbao ngumu, kichwani nimekichonga majani. Tajiri akamwambia mteja kuwa ni kazi ya mpwa wake. Mimi nimesimama pale pale na vumbi lake puani. Tukatupiana maneno, wafanyakazi wote wakasikia, na nikasema hii karakana na iteketee. Kisha nikarudi jioni na mafuta ya taa kwenye dumu, nikayamwaga kwenye maranda, nikawasha kiberiti. Sikujua kwamba mlinzi yuko ndani. Nimeitoa roho ya mtu asiyenikosea kitu. Najuta kila siku ya Mungu.

Mwalimu wa kozi ya wanaosubiri Bodi ametufundisha tusiseme "moto ulitokea". Tuseme "niliwasha". Mwanzoni ulimi ulikuwa mzito, ananirudisha mbele ya darasa kama mtoto wa chekechea. Sasa neno linatoka lenyewe.

Bodi inakaa mwezi wa nne. Dada yangu ameshanitengea chumba cha uani, anasema ametoa ndoo zake zote humo. Niombee.

Mimi,
Randa

*

Hosteli ya Wanafunzi
3 Machi

Mzee Randa,

Shikamoo tena. Nimeisoma barua yako nikaruka kitini, mwenzangu akadhani nimeng'atwa na mdudu.

Mzee, kwenye kinasa sauti ulisema petroli. Nimesikiliza upya kuhakikisha. Kwenye barua umesema mafuta ya taa. Ni kipi kati ya hivyo viwili? Mtu anaweza kusahau rangi ya shati alilovaa, lakini atasahau alichokibeba mkononi? Harufu zake tu hazifanani!

Msimamizi wangu, Profesa, hupenda kusema kwamba pale mtu anapopishana na maneno yake mwenyewe ndipo utafiti unapoanzia. Naona nimefika pale. Ukijumlisha na ile sentensi yako (si ile ya kiti, mzee, unajua ninayoisema), mimi napata picha tofauti kabisa.

Nimeomba ruhusa ya kuja kuzungumza nawe mara ya pili. Nimekwenda mwenyewe kwa afisa ustawi wa gereza, nikamweleza kwamba kuna tofauti ndogo katika maelezo yako ambayo ningependa tuiweke sawa. Alinisikiliza vizuri sana, akawa anaandika. Nina matumaini.

Nadhani ninaweza kukusaidia.

Mtafiti

*

Gerezani
14 Machi

Binti,

Petroli. Andika petroli. Lile la pili ni uzee.

Umewahi kumwona mtu anayevusha kioo kikubwa barabarani? Watu wenye busara humpisha tu. Hawamsalimii, hawamuulizi kioo ni cha dirisha la nani. Mimi nimebeba kioo mpaka mwezi wa nne. Nakuomba usinisalimie.

Sina ubaya na wewe.

Randa

*

Idara ya Elimu ya Uhalifu
9 Aprili

Mwanafunzi wangu,

Ningeweza kukupigia simu, lakini Kamati ya Maadili inataka onyo hili liwe kwa maandishi na nakala ibaki idarani. Kwa hiyo soma ukiwa umekaa.

Jana afisa ustawi wa gereza alinipigia. Kikao cha Bodi cha yule mzee unayemwita Randa kimeahirishwa. Taarifa yake kwa Bodi inasema kwamba mfungwa "amebadilisha maelezo kuhusu kosa lake alipohojiwa na mtafiti", na nakala za barua zako mbili na zake zimeambatanishwa. Wajumbe wanauliza swali la haki kabisa: mtu anayejuta kwa dhati anawezaje kukosea alichotumia kuchomea?

Barua za gerezani zinasomwa. Nilidhani hilo halihitaji kufundishwa darasa la shahada ya pili. Ulimwahidi siri kwenye karatasi ambayo ulijua, au ulipaswa kujua, itapita mikononi mwa askari kabla yake. Yeye alikuambia hivyo tangu mstari wa kwanza. Nimesoma barua yake. Wewe uliisomaje?

Kuanzia leo usimwandikie, usiende gerezani, usizungumze na afisa yeyote wa pale bila idhini yangu. Data zake zitunze, usizitumie kwanza.

Msimamizi wako,
Profesa

*

Hosteli ya Wanafunzi
11 Aprili

Profesa,

Shikamoo. Onyo nimelipokea na nimelisaini. Sijui pa kuanzia, kwa hiyo naanzia katikati.

Nilisoma barua yake kama mtu anayetafuta jibu la mtihani. Nilipofika kwenye habari za afisa wa barua nilidhani ni utani wa wazee, nikaruka kwenda kwenye "data". Sasa nikiisoma, kila mstari unanipungia mkono. Naona aibu hata kuingia chumba cha watafiti. Nimebandua karatasi niliyoandika PETROLI / MAFUTA YA TAA ukutani juu ya meza yangu, gundi ikatoka na rangi.

Wewe peke yako naweza kukuambia. Afisa alipotoka kutafuta kiti, mzee aliinamisha kichwa akasema: "Binti, mimi ule moto sikuuwasha." Nikamuuliza, "Sasa kwa nini unasema uliuwasha?" Akasema, "Wewe unataka nifie humu?" Afisa akarudi na kiti.

Ndiyo maana nilihangaika. Nilidhani nimekutana na mtu aliyefungwa kwa kosa lisilo lake na mimi ndiye mlango wake. Labda ni kweli. Au labda kila mfungwa humwambia hivyo msichana wa chuo. Nimewahoji wengine kumi na wawili na hakuna aliyeniambia, lakini hilo linathibitisha nini? Nimesoma vitabu vyote ulivyonipa kuhusu majuto na hakuna hata kimoja kinachoniambia nifanye nini na sentensi moja iliyosemwa kinasa kikiwa kimezimwa.

Naomba uniruhusu nifike mbele ya Bodi niwaeleze kwamba kosa ni langu.

Mwanafunzi wako

*

Idara ya Elimu ya Uhalifu
12 Aprili

Mwanafunzi wangu,

Utawaeleza nini? Ukisema hakufanya, hawatamwachia, kwa sababu asiyefanya hana cha kujutia. Ukisema alifanya, utakuwa unaapa kwa jambo usilolijua. Na ukisema kosa ni lako, watauliza kosa gani, na utalazimika kuchagua moja kati ya hayo mawili.

Nitamwandikia mwenyekiti wa Bodi kwamba mahojiano yako yalikuwa na dosari za kitaalamu, basi. Ni kweli, na haimdhuru mzee.

Wewe kaa. Kula. Andika sura ya pili.

Profesa

*

Nyumbani kwa dada
20 Agosti

Bi Mtafiti,

Nimetoka. Naandika juu ya meza isiyonesanesa, nimeitengeneza mwenyewe juzi. Dada ana simu na amesema nikupigie, lakini kwenye simu mtu anakusubiri useme, nami nimezoea kufikiri kwanza. Usiogope kunijibu. Barua hii wa kwanza kuifungua ni wewe.

Nilikukasirikia. Nilikukasirikia mpaka wenzangu wakachoka kunisikiliza. Nilipoambiwa kikao kimesogezwa, nilimwambia nyapara, "Yule binti ana roho nzuri kama mvua ya mwezi wa mavuno." Kisha hasira ikaisha yenyewe, sijui ilikwenda wapi.

Bodi ilikaa mwezi wa saba. Walikuwa watu watano na jagi la maji. Mwenyekiti akaniuliza habari ya petroli, nikajibu nilivyofundishwa. Nilijibu vizuri, hata mwalimu wa kozi angepiga makofi. Kisha akasema, "Kuna mtu wa familia ya marehemu anataka kukuuliza neno." Hilo sikuandaliwa.

Akasimama binti wa mlinzi. Ni fundi cherehani, mtu mzima sasa, ana uzi mweupe umeshika kwenye mkono wa gauni. Nilimjua akiwa mdogo analeta chakula cha baba yake getini. Hakunitukana. Aliniuliza, "Baba yangu alilia?"

Mimi nikasema, "Hakulia, mama. Alikuwa amelala. Amejilaza juu ya maranda, amejifunika kofia usoni. Hakujua lolote."

Akaweka mikono usoni akalia sana. Mwenyekiti akamuuliza kama ana la kuongeza, akasema, "Nimeridhika. Mwachieni aende kwao." Nami nikaachiwa.

Sasa uliza, binti. Ile sentensi niliyokuambia ni kweli niliisema, na siku niliyoisema nilikuwa na hakika nayo kama ninavyojua jina langu. Sikuwasha moto. Nilitoka pale kwa hasira, nikaenda kwa miguu hadi kwa dada, nikalala. Lakini sikiliza jambo linalonichanganya. Nilipomjibu yule binti, sikutunga. Nilimwona. Niliona kofia, niliona soli ya kiatu imetoboka, niliona maranda yamemganda kwenye soksi. Mtu aliyekuwa amelala kwa dada yake ameona wapi mambo hayo? Najiambia labda nilimwona siku nyingine, jioni nyingine yoyote. Nilifanya kazi pale miaka. Ndiyo, labda ni hivyo. Lakini kila nikiitafuta hiyo jioni nyingine siipati, napata ile ile.

Nimesema "niliwasha" mara nyingi mno. Nimesema mbele ya darasa, mbele ya padri, mbele ya Bodi, na usiku peke yangu nikijizoeza. Mkono wangu unaijua njiti ya kile kiberiti. Dada anasema, "Wewe ulikuwa hapa, nilikutilia chai mwenyewe." Ni dada yangu, unategemea aseme nini?

Wewe umesoma mambo haya. Mtu anaweza kujifundisha jambo ambalo hakulifanya? Au mtu anaweza kulisahau alilolifanya mpaka akalazimishwa kulisema?

Uliza lolote. Sina kioo tena mkononi.

Randa

*

Chumba cha Cherehani
2 Septemba

Dada mtafiti,

Salamu. Barua yako ya kuomba tuzungumze nimeipata. Kuja na mashine yako ya kurekodi usije, samahani. Nina sare za shule mpaka shingoni, na mambo ya baba nimeshayasema kwa watu wengi walioandika. Lakini umeuliza kwa adabu swali ambalo hakuna aliyeniuliza: kwa nini nilisema aachiwe. Nitakujibu mara moja halafu basi.

Baba yangu alikuwa na pumu. Kulala chali alikuwa hawezi hata nyumbani, alilala ameketi, ameegemea mito. Vumbi la mbao lilikuwa linamfunga kifua, ndiyo maana akaomba kigoda chake kiwe nje getini, na ndani ya karakana alikuwa haingii. Wafanyakazi wenzake walikuwa wanamtania kwa hilo. Mpaka leo hatujui siku ile alifuata nini ndani. Mimi najiambia aliuona moto akaingia kuuzima. Mama alikuwa anajiambia kuna mtu alimwita.

Kwa hiyo mzee yule aliponiambia baba alikuwa amejilaza juu ya maranda, nilijua hapo hapo kwamba ananidanganya. Watu walidhani nalia kwa sababu nimefarijika. Dada yangu, nililia kwa sababu nilikwenda pale nimejiandaa miaka yote kumsikia mwuaji wa baba, nikamkuta mzee amekodoa macho, anatafuta neno la kunipa ili nisiumie. Nikachoka kumchukia. Hivyo tu. Nilisema nimeridhika, na kwa kweli niliridhika, ingawa si kwa jibu.

Lakini usidhani nimepata amani kama ninyi mnavyoiandika. Nikiwa nashona, mguu kwenye cherehani, nawaza. Amenidanganya kwa sababu hakuwepo na hajui? Au amenidanganya kwa sababu alikuwepo na alimsikia? Kuna siku naamini hili, kuna siku naamini lile, na kuna siku nakata kitambaa vibaya.

Bodi sikuwaambia. Yeye mwenyewe hajui kwamba mimi najua. Kama aambiwe au asiambiwe, sijui. Wewe ndiye uliyesomea. Fanya utakaloona.

Binti wa Mlinzi

*

Hosteli ya Wanafunzi
15 Septemba

Mzee Randa,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, na si kwa uvivu. Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika nyingine ndefu yenye maelezo ya kitaalamu kuhusu kumbukumbu, nikaichana na hiyo pia.

Uliniuliza kama mtu anaweza kujifundisha jambo ambalo hakulifanya. Vitabu vinasema anaweza. Uliniuliza kama anaweza kulisahau alilolifanya. Vitabu hivyo hivyo vinasema hilo nalo linawezekana. Nilimpelekea Profesa maswali yako mawili bila kutaja jina, akayasoma, akavua miwani, akasema niwe mwangalifu na mtu anayeuliza vizuri hivyo.

Tasnifu yangu nimeiwasilisha wiki iliyopita, na Profesa aliniruhusu kutumia maelezo yako baada ya wewe kutoka. Mtahini mmoja aliinamia mbele akaniuliza, "Huyu mshiriki wako wa kumi na tatu, kwa maoni yako, alifanya au hakufanya?" Nilisema sijui. Akasubiri niendelee. Sikuendelea. Mwenzake akaguna. Wamenipa marekebisho, mengi yanahusu sura yako, na sijui nitayarekebishaje.

Mwezi wa tatu nilikuandikia kwamba naweza kukusaidia. Samahani kwa neno lile. Leo kuna jambo moja nimelijua kuhusu mlinzi, ambalo linahusu ile picha yako ya kofia na maranda. Nimeligeuza kila upande. Linaweza kukupa usingizi na linaweza kukunyang'anya, sijui lipi kati ya hayo mawili, na aliyeniambia naye hajui. Nimefikiri kama nina haki ya kukuficha nikaona sina. Ni lako kuliko lilivyo langu.

Ila halitapita kwenye karatasi. Nataka niwe nimekaa mbele yako nikilisema, na dada yako awepo, na ukitaka kunifukuza unifukuze nikiwa karibu na mlango.

Uliniambia niulize lolote. Nina swali moja tu, mzee wangu: Jumapili utakuwepo nyumbani?

Mtafiti